Wingi wa Njia na Ugumu wa Kuchagua

Wazee husema: Njia mbili zilimshinda fisi. Fisi huyo alisikia harufu ya nyama, akaifuata mpaka penye njia panda. Hapo harufu ilitoka upande wa kuume, ikatoka na upande wa kushoto. Fisi hakutaka kuikosa nyama ya upande wo wote. Basi aliweka miguu ya kuume katika njia moja na miguu ya kushoto katika njia ya pili, akaenda hivyo, njia zikizidi kuachana, mpaka akapasuka katikati. Watoto hucheka wanaposikia hadithi hii. Lakini mtu mzima akiitafakari, hacheki sana. Fisi hakufa kwa kukosa njia; alikufa kwa sababu njia zilikuwa mbili, naye hakukubali kuacha hata moja.

Katika hadithi hiyo limo swali linalomhusu kila mtu aliyepewa na Mungu akili na utashi, na hasa yule anayejiandalia Ubatizo. Watu wengi hudhani kwamba mwenye mengi ya kuchagua ni huru kuliko mwenye machache, na kwamba kila njia inayoongezwa mbele yake humwongezea raha. Ikiwa ndivyo, mbona mara nyingi mwenye mengi ndiye ashindwaye kukata shauri? Na mbona akiisha kuchagua, moyo wake hautulii?

I. Jambo lenyewe lilivyo

Chukueni mfano wa kijana aliyeuza mbuzi wake apate kumnunulia mchumba wake kitenge. Duka la kijijini likiwa na vitenge vitatu, atavitazama, atachukua kimoja, naye atafika nyumbani jua lingali juu. Lakini akishuka Bukavu, katika soko la Kadutu, ataona vitenge vimetundikwa safu kwa safu, vya rangi zote na maua ya kila namna. Atakishika hiki, atakirudisha; atauliza bei ya kile, ataondoka; atarudi tena kwa yule wa kwanza. Jioni itamkuta angali anazunguka. Hata akinunua, njiani moyo utamwambia: «Kile chenye maua mekundu kilikuwa bora.» Kitenge alichonacho mkononi ni kizuri, lakini furaha yake imeliwa na vile alivyoviacha sokoni.

Katika mfano huo mizigo mitatu yaonekana wazi. Mzigo wa kwanza ni uchovu: kila kitu kinachoongezwa chataka kutazamwa na kulinganishwa na vingine, nayo akili ya mtu ina kipimo chake, kama vile mgongo ulivyo na kipimo chake. Mzigo wa pili ni hofu: aliyekuwa na vitu vitatu akikosea, atasema havikuwako vingine, lakini aliyekuwa na vitu mia akikosea, hujilaumu mwenyewe. Mzigo wa tatu ni majuto: mtu hukusanya uzuri wa vyote alivyoviacha, akautia katika kitu kimoja ambacho hakipo duniani, kisha akakilinganisha na kile alichonacho. Hapana kitu cha kweli kiwezacho kushinda katika mashindano ya namna hiyo.

Wataalamu wa mambo ya nafsi ya binadamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2000 Sheena Iyengar na Mark Lepper walitangaza habari za jaribio lililofanyika katika duka moja la vyakula huko California, nchi ya Marekani. Waliweka meza ya kuwaonjesha watu jamu, yaani matunda yaliyopikwa kwa sukari. Saa nyingine meza ilikuwa na aina 24, saa nyingine aina 6 tu. Katika kila watu 100 waliopita penye aina 24, watu 60 walisimama kutazama. Penye aina 6 walisimama watu 40. Basi meza kubwa ilivuta macho zaidi. Lakini katika kila watu 100 waliosimama penye aina 6, watu 30 walinunua. Na katika kila watu 100 waliosimama penye aina 24, walionunua walikuwa 3 tu. Wingi uliita watu, kisha ukawafunga mikono.

Hata hivyo, ukweli wataka usemwe wote. Mwaka 2010 wataalamu wengine walikusanya majaribio 50 ya namna hiyo, wakaona ya kuwa kwa jumla wingi haukuleta madhara: pengine ulidhuru, pengine ulisaidia, pengine haukubadili neno. Mwaka 2015 uchunguzi mwingine ulionyesha ni lini wingi unapodhuru. Hudhuru zaidi pale ambapo mtu hajui bado apendalo, au vitu vyenyewe ni vigumu kulinganishwa. Yule aliyefika akijua anachokitafuta, wingi haumlemei sana.

Jambo hili mama mkulima wa Kivu alilijua zamani, bila jaribio la dukani. Ghalani mwake mna maharage ya namna nyingi: meupe, mekundu, meusi, yenye madoadoa. Hasimami mbele yake akiduwaa. Anajua ya kuwa haya huvumilia mvua nyingi, haya hustahimili jua, haya huiva upesi, haya watoto huyapenda. Tena mara nyingi huyachanganya katika shamba moja, ili mvua ikizidi au ikipungua, chakula kisikose nyumbani. Wingi haumsumbui, kwa sababu anajua anachokitaka: watoto wale mpaka mavuno yajayo. Basi ugumu hauko katika wingi wa mbegu. Ugumu uko katika moyo usiojua unataka nini.

II. Shabaha kwanza, njia baadaye

Fundisho hilo Kanisa linalo tangu zamani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alieleza katika kitabu chake kikubwa cha Teolojia ya kuwa kuchagua si kazi ya kutafuta shabaha, bali ni kazi ya kutafuta njia za kuifikia. Alitoa mfano wa mganga. Mganga akiwa kazini hashauriani na nafsi yake kama amponye mgonjwa au asimponye. Kuponya ndiyo shabaha yake, nayo imekwisha kuwekwa. Anachokichagua ni dawa: hii au ile, leo au kesho. Lakini mganga asiyejua kama anataka kumponya mgonjwa au kumwibia fedha, huyo hata dawa kumi zitamchanganya, kwa maana kila dawa itaonekana nzuri kwa upande mmoja na mbaya kwa upande wa pili.

Ndivyo ilivyo kwa maisha yote ya mtu. Shabaha ya mwisho ya binadamu haikutungwa na binadamu, aliumbwa nayo. Aliumbwa amjue Mungu, ampende, amtumikie, apate kuishi naye milele. Kila mkatekumeni amejifunza neno hilo katika siku za kwanza za mafundisho, na pengine alilishika kwa kichwa tu. Lakini neno hilo ndilo kigingi ambacho kamba zote hufungwa kwake. Kigingi kisipopigwa ardhini, kamba nyingi hazifungi mbuzi. Humtatiza miguu tu.

Mtu aweza kuuliza: Na ikiwa vitu viwili vyalingana kabisa, mtu atachaguaje? Swali hilo Mtakatifu Tomaso alilijua, kwa maana lilisemwa katika siku zake: mtu mwenye njaa aliye katikati ya vyakula viwili vilivyo sawa, je, hatakaa pale pale pasipo kwenda huku wala huku? Alijibu ya kuwa vitu vikilingana kwa jambo moja, hapana kinachoizuia akili kutazama jambo jingine ambalo kwalo kimoja chapita kingine, na utashi ukainama upande huo. Mtu hakuumbwa kama jiwe la mizani lisiloweza kuinuka lenyewe. Mungu alimpa uwezo wa kusema: «Basi, hiki chatosha,» akala, akaendelea na safari yake.

Neno hili «chatosha» ni dawa kubwa. Atakaye kilicho bora kuliko vyote vilivyoko duniani hatapata, kwa maana hawezi kuvitazama vyote. Atakaye kilicho chema cha kutosha kwa shabaha yake hupata upesi. Ndiyo maana ya methali ya wazee: Mchagua jembe si mkulima. Mvua hainyeshi ikimngoja mtu amalize kupima mipini. Jirani yake aliyechukua jembe lile lile la zamani amekwisha kupanda.

III. Mtakatifu Inyasi penye njia panda

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Hispania, akawa askari. Mwaka 1521 alijeruhiwa vitani Pamplona, na katika ugonjwa wake alimgeukia Mungu. Mwaka 1522 alipokuwa akisafiri kwenda Montserrat, alifuatana na mtu mmoja wa dini ya Kiislamu, wakazungumza habari za Bikira Maria. Maneno ya yule mtu yalimchukiza Inyasi. Mtu yule alipotangulia, Inyasi alikaa na mawazo mawili: amfuate kumchoma kisu, au amwache? Hakuweza kukata shauri. Basi alimlegezea nyumbu wake hatamu, akasema moyoni: penye njia panda nyumbu akishika njia ya kijiji cha mtu yule, nitamfuata; akishika njia nyingine, nitamwacha. Nyumbu alishika njia nyingine, na damu haikumwagika.

Habari hii Inyasi mwenyewe aliisimulia uzeeni, ili watu waone jinsi alivyokuwa bado kipofu. Alikuwa na moyo wa kumpenda Mungu, lakini hakujua kupima. Aliweka katika mizani jambo lisilofaa kuwekwa humo, yaani kumwua mtu. Kisha aliposhindwa, alimwachia mnyama kazi ya utashi. Wako watu wengi hata leo wafanyao hivyo: hutupa sarafu, hutazamia bao, au hungoja mpaka siku zipite na jambo lijiamue lenyewe. Huona ya kuwa hawakuchagua. Lakini kutokuchagua nako ni kuchagua. Ni kumpa mwingine hatamu.

Baadaye Inyasi alijifunza kwa sala na kwa subira, akaandika kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, kilichokubaliwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Humo aliweka taratibu za kuchagua vema. Zifuatazo zamfaa hata mtu wa kijijini asiyejua kusoma.

Kwanza: shabaha itangulie. Inyasi aliona ya kuwa watu wengi huanza kwa kuchagua ndoa, ndipo baadaye wakitaka kumtumikia Mungu katika ndoa hiyo. Wamegeuza mambo: ndoa ni njia, kumtumikia Mungu ni shabaha. Kijana na aulize kwanza: «Mungu ananitaka nimtumikieje?» Akiisha kuuliza hivyo, ndipo aangalie kama njia yake ni ndoa, ama upadri, ama utawa.

Pili: katika mizani yawekwe mambo mema, au yale yasiyo mema wala mabaya, basi. Lililo baya halipimwi.

Tatu: moyo utulizwe kabla ya kupima, usiinamie upande wo wote, kama mizani isiyo na kitu. Kisha mtu ahesabu faida na hasara za kila upande mbele ya Mungu.

Nne: mtu afikiri amejiwa na mgeni asiyemjua kamwe, mwenye shida ile ile, akiomba shauri. Shauri ambalo angempa mgeni huyo, alifuate yeye mwenyewe. Tena afikiri yuko kitandani siku ya kufa kwake: siku hiyo angependa awe amechagua nini?

Tano: uchaguzi usioweza kugeuzwa, kama ndoa au upadri, ukiisha kufanyika hauchaguliwi tena, kazi iliyobaki ni kuuishi vema. Na katika siku za giza na uchungu wa moyo mtu asibadili lile aliloliazimia siku za amani.

Anayezishika taratibu hizi ataona ajabu: zile njia mia zilizokuwa mbele yake zimekuwa mbili au tatu. Nyingine hazikufungwa na mtu. Zimeanguka zenyewe, kwa sababu haziendi kule anakokwenda.

IV. Mambo yasiyowekwa katika mizani

Katika nchi ya Kongo yenyewe uko ushuhuda wa jambo hili. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Baada ya masomo alipata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Siku moja kulikuwa na mchele ulioharibika, ambao ungewadhuru walaji. Watu walitaka kumpa fedha ili aupitishe. Alikataa. Mwezi wa saba, mwaka 2007, alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Kwa macho ya dunia, kijana huyo alikuwa na njia nyingi. Angeweza kupokea fedha zote. Angeweza kupitisha sehemu ya mchele na kuharibu sehemu. Angeweza kujifanya mgonjwa siku ile, mwenzake akatia sahihi. Angeweza kuahirisha, akingoja mambo yajimalize. Shetani hamjii mtu kwa njia moja. Humfungulia milango kumi, kila mlango ukiwa na udhuru wake, ili mtu achoke kupima na mwishowe aingie penye wepesi. Lakini Floribert alikuwa na shabaha iliyokwisha kupigwa moyoni kama kigingi: maskini wasile sumu, na Mungu asikosewe. Mbele ya shabaha hiyo milango yote kumi ilikuwa mlango mmoja tu, nao ulikuwa mbaya.

Wala mtu asidhani ya kuwa jambo lilikuwa jepesi kwake. Kujua la kutenda na kulitenda ni mambo mawili, na la pili lilimgharimu uhai. Lakini ni heri mtu ateseke kwa ajili ya lile alilolichagua, kuliko kuteseka siku zote kwa kutochagua.

V. Mkatekumeni mlangoni

Mkatekumeni wa leo anazo njia nyingi kuliko babu yake. Hata kijijini simu humletea kila jioni wahubiri wengi, huyu akiahidi mali, yule uponyaji, mwingine mchumba. Jirani amweleza habari za mganga wa ng'ambo ya mto. Ndugu mwingine amwambia: «Batizwa, lakini hirizi ya baba usiitupe, huenda ikakusaidia siku moja.» Basi hutokea mtu ambaye Jumapili yuko Misani, Jumatano yuko kwa mhubiri wa uponyaji, na usiku wa shida yuko kwa mpiga ramli. Asema moyoni: «Nashika yote, moja litanifaa.» Naye adhani amekuwa mwerevu. Miguu yake ya kuume iko njia moja, ya kushoto iko njia nyingine, na njia zazidi kuachana.

Mtu huyo hana ubaya wa moyo, ana hofu. Aogopa ya kuwa akimchagua Kristu peke yake, atapungukiwa. Evanjili yasimulia habari za mtu tajiri aliyemwendea Yezu akiuliza njia ya uzima. Alikuwa na mali nyingi, na kila mali ilikuwa njia iliyo wazi mbele yake. Alipoambiwa aviache vyote na kumfuata Yezu, aliondoka kwa huzuni. Wavuvi wa Galilaya waliacha nyavu zao wakafuata. Wavuvi walikuwa na vya kuacha vichache, nao walikwenda. Tajiri alikuwa na vingi, akabaki navyo pamoja na huzuni yake.

Ndiyo sababu Kanisa, katika adhimisho la Ubatizo, halianzi kwa kumwuliza mtu anaamini nini. Kwanza humwuliza kama anamkataa Shetani, na mambo yake yote, na fahari zake zote. Akiisha kujibu hayo, ndipo huulizwa imani yake. Kanisa lajua ya kuwa kuchagua ni kuacha. Mwanamume amwoaye mke mmoja, siku ile ile amewaacha wanawake wengine wote. Naye hakufanywa maskini, bali amepata nyumba.

Tena Kanisa halimharakishi mtu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza wamisionari wake wawafundishe watu kwa miaka minne kabla ya kuwabatiza. Miaka hiyo haikuwekwa ili mtu azunguke sokoni akilinganisha. Iliwekwa ili azoee kuacha, neno baada ya neno, mpaka siku ya kujibu mbele ya maji jibu liwe limekwisha kukomaa. Yule aonaye kwamba siku za mafundisho ni nyingi, na aangalie anazitumiaje: kupima tena na tena, au kufungua mikono iachie.

Maswali ya kutafakari

1. Liko jambo gani ambalo mtu amelikawiza kwa muda mrefu, akisema anangoja njia iliyo bora? Je, ni kweli anangoja, au anaogopa kuacha?

2. Katika shughuli zake za wiki hii, mambo gani aliyaweka katika mizani ambayo hayakustahili kupimwa?

3. Nyumbani mwake kuna kitu gani anachokificha kwa ajili ya siku ya shida, ambacho hawezi kukionyesha kwa katekista?

4. Rafiki yake akimjia leo na shida ile ile inayomsumbua, atampa shauri gani? Na ni kitu gani kinachomzuia kulifuata?